Depara, aliyempiga picha Franco

Mjini Uvira, kama kwingine kandokando ya ziwa Tanganyika, Franco anajulikana kwa sauti na gitaa. Aliyempiga picha hatajwi sana. Jean Depara alizaliwa Angola mwaka 1928. Kamera yake ya kwanza, Adox ndogo, aliinunua mwaka 1950 kwa ajili ya harusi yake mwenyewe. Kinshasa alitengeneza kwanza baiskeli na kamera, ndipo mwaka 1954 Franco akamchukua awe mpiga picha wake. Usiku alizunguka kwenye baa: wanamuziki, vijana wa Bills, wanawake waliopendeza, wote walisimama mbele yake. Baadaye, hadi 1989, alikuwa mpiga picha wa bunge. Alifariki mwaka 1997, bila kuona picha zake zikionyeshwa Paris mwaka 2015. Mpenzi wa rumba wa Uvira anaziangalia kwenye simu.