FRANÇOIS TRUFFAUT: MHAKIKI MWENYE KALAMU KALI

Kabla sijakusimulia habari za huyu Mfaransa, yanipasa kwanza nikiri jambo ambalo wengi wenu mnalijua na baadhi yenu bado mmelishika moyoni. Muhula wa pili mwaka jana, mimi ndiye niliyeandika ile tahakiki ya mchezo wa kuigiza iliyobandikwa kwenye ubao wa chama, pale karibu na bwalo. Niliandika kwamba mhusika mkuu alisema maneno yake kama mtu anayekariri jedwali la kuzidisha, kwamba onyesho la tatu lilikuwa refu kama foleni ya chakula siku ya Jumapili, na kwamba yule mama alilia hata pale pasipokuwa na cha kuliza. Lo! Kwa wiki mbili nzima hakuna mwigizaji aliyenisemesha. Jirani yangu wa kitanda cha juu, ambaye ndiye aliyekuwa huyo mhusika mkuu, alipanda na kushuka kana kwamba mimi ni sehemu ya godoro. Wengine waliniuliza, eti wewe umewahi kuigiza nini? Swali hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu sikuwa na jibu.

Mwalimu mlezi wa chama hakunikemea wala hakunisifu. Aliniazima kitabu cha maisha ya mtu mmoja aliyeitwa François Truffaut, akaniambia nikisome kwanza halafu tuzungumze. Nilikisoma hata wakati wa prepu, nikikificha chini ya kitabu cha hisabati. (Mwalimu wa hisabati anisamehe.)

Basi huyu bwana alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 6 Februari 1932. Mama yake alimzaa kabla ya kuolewa, na enzi hizo hilo lilikuwa jambo la aibu kubwa kwa familia, kwa hiyo mtoto akapelekwa kwa walezi mbali na macho ya watu. Baadaye nyanya yake alimchukua na kumlea. Bwana Roland Truffaut alipomwoa mama huyo, alimpa mtoto jina lake, ingawa hakuwa baba yake mzazi. Nyanya alipofariki, kijana akaja kuishi na wazazi wake katika nyumba ndogo. Mama hakupenda kelele. Ilimbidi mtoto aketi kitini kimya, asicheze, asikohoe hata, na kitu pekee alichoweza kufanya bila kusikika ni kusoma. Akasoma kweli kweli.

Kitu cha pili kilichomwokoa kilikuwa sinema. Wakati huo ulikuwa wa Vita Vikuu vya Pili, na Wajerumani waliitawala Paris kuanzia 1940 hadi 1944. Truffaut na rafiki yake Robert Lachenay walikuwa wakihepa shule mchana kwenda kutazama filamu, wakipenya bila kulipa kwa kupitia mlango wa kutokea. Filamu moja akiipenda aliirudia mara nyingi mpaka akajua kila neno litakalofuata. Usiku walichomoa picha za matangazo zilizobandikwa nje ya kumbi, wakaenda nazo. Sisemi mwige, maana wizi ni wizi. Lakini ona alichofanya na picha hizo: kwa kila mwelekezaji wa filamu alifungua faili, akakata makala magazetini na kuyapanga humo kama karani wa ofisi. Vita vilipokwisha, filamu za Marekani zilizokuwa zimepigwa marufuku zikamiminika Paris kwa pamoja, na huyu kijana akazimeza zote.

Shule aliiacha akiwa na miaka 14. Mwaka 1948 alianzisha chama chake cha sinema, akaingia kwenye madeni asiyoweza kuyalipa, akaiba taipureta. Baba yake wa kambo ndiye aliyempeleka polisi kwa mkono wake mwenyewe, na kijana akafungiwa katika kituo cha kurekebishia tabia huko Villejuif. Hapo angeishia kama wengi walivyoishia, lakini kulikuwa na mtu mmoja, André Bazin, mhakiki wa sinema aliyeheshimika sana, ambaye alikuwa amekutana naye katika shughuli za vyama vya sinema. Bazin alimwekea dhamana akamtoa. Je, mambo yakaisha? Wapi! Truffaut alijiunga na jeshi mwishoni mwa 1950 kwa sababu ya uchungu wa mapenzi, kisha akatoroka kabla ya kupelekwa vitani Indochina, akatiwa ndani. Bazin akahangaika tena mpaka akaachiliwa mwaka 1952. Bazin na mkewe wakampa chumba nyumbani kwao. Mimi nilipofika hapo nilifunga kitabu kidogo nikatafakari. Mtu mzima ana kazi zake, ana maradhi yake, na bado anamwendea mtoto wa watu gerezani mara mbili.

Mwaka 1951 Bazin na wenzake walikuwa wameanzisha jarida liitwalo Cahiers du cinéma, yaani Madaftari ya Sinema. Humo ndimo Truffaut alipoanza kuandika mwaka 1953, na baadaye akaandika pia katika gazeti la kila wiki la Arts. Aliandika mamia ya makala kwa miaka michache tu, na aliandika juu ya filamu za kila aina bila kubagua: za wachunga ng'ombe wenye bastola, za upelelezi, za kuchekesha, za dini, za mapenzi. Watu wazima walioheshimika walidhani filamu ya bastola kama Johnny Guitar ya Nicholas Ray ni upuuzi wa vijana. Yeye aliitazama kwa makini yale yale ambayo mwalimu wetu wa fasihi hutumia kutazama riwaya teule. Alimpenda Jean Renoir, alimpenda Robert Bresson, alimpenda Jacques Tati wa vichekesho, na katika Wamarekani aliwatetea Howard Hawks na Alfred Hitchcock. Msimamo wake ulikuwa kwamba filamu nzuri ina mwenyewe kama vile kitabu kilivyo na mwandishi, na mwenyewe huyo ni mwelekezaji.

Makala iliyomtia watu midomoni ilitoka Januari 1954. Bazin aliikalia muda mrefu akimrudishia airekebishe, maana ilikuwa ya moto. Humo Truffaut aliwashambulia Jean Aurenche na Pierre Bost, waandishi wawili mashuhuri waliokuwa wakigeuza riwaya maarufu kuwa filamu. Wao walishikilia kwamba tukio la riwaya lisiloweza kuonyeshwa kwa kamera huondolewa, na mahali pake panatiwa tukio jingine lenye uzito sawa. Truffaut akasema huo ni ujanja: wanaliondoa la mwandishi na kutia lao, tena kwa dharau kwa wahusika. Ushahidi wake ulikuwa riwaya ya Georges Bernanos juu ya padri wa kijijini. Aurenche alikuwa ameiandikia mswada ambao haukupigwa filamu, na Bresson aliitengeneza kwa njia yake mwaka 1951, akionyesha kwamba yale yaliyosemwa hayawezekani yanawezekana kabisa. Sisi tuliotazama vitabu vya kutahiniwa vikiigizwa jukwaani tunaelewa ugomvi huu. Ni nani kati yetu hajawahi kuona mhusika aliyempenda kitabuni akigeuzwa kuwa kichekesho?

Hata hivyo hapa simsifu moja kwa moja. Ule mswada aliotumia kuwapiga nao, Bost mwenyewe ndiye aliyemwazima kwa wema. Kumwendea mtu nyumbani, akakupa kazi yake usome, nawe ukaenda kumchapa nayo mbele ya taifa zima, hilo limenishinda. Tena hukumu yenyewe haikuwa ya haki yote. Miaka 20 baadaye kijana mwingine, Bertrand Tavernier, aliwaita wale wazee wawili wamsaidie kuandika filamu yake ya kwanza ndefu, nayo ikatoka mwaka 1974 na kupata sifa. Kumbe wino haukuwa umewakaukia.

Truffaut hakukoma. Alilichapa hata tamasha kubwa la filamu la Cannes, na mwaka 1958 wakuu wa tamasha wakamnyima kibali cha kuhudhuria kama mwandishi. Na kama mimi, naye aliulizwa lile swali: wewe umetengeneza nini? Mwaka 1957 alikuwa ametengeneza filamu fupi, na mwaka huo huo alimwoa Madeleine Morgenstern, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa kusambaza filamu. Mkwe huyo alimsaidia kupata fedha za filamu ndefu. Alianza kuipiga tarehe 10 Novemba 1958. Usiku uliofuatia siku hiyo ya kwanza ya kazi, Bazin alifariki kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 40. Hakuiona.

Filamu yenyewe inaitwa Les Quatre Cents Coups. Mwalimu alituonyesha maktabani Jumamosi moja, wanachama saba tukibanana mbele ya tarakilishi, na maandishi ya Kiingereza chini. Jina hilo ni nahau ya Kifaransa yenye maana ya kufanya utundu wa kila namna. Waingereza waliitafsiri neno kwa neno, ikawa mapigo mia nne, na mmoja wetu alikaa mpaka mwisho akihesabu viboko! Wapenzi wa tafsiri, hilo nawaachia. Ni hadithi ya mvulana wa Paris, Antoine, anayehepa shule, anayemdanganya mwalimu kwamba mama yake amekufa, anayeiba taipureta na kushikwa wakati wa kuirudisha, akafungiwa, akatoroka akikimbia mpaka baharini. Pale ufuoni anageuka kututazama na picha inaganda. Bweni zima la wanachama saba lilinyamaza. Aliyecheza Antoine, Jean-Pierre Léaud, alikuwa na miaka 14 tu, na haonekani kama anayeigiza. Nilimkumbuka jirani yangu wa kitanda cha juu, nikaona aibu kidogo, maana hakuna aliyemwelekeza yeye. Alipewa maneno wiki moja kabla akaambiwa akariri.

Mwaka 1959 filamu hiyo ilipelekwa Cannes, kule kule alikofungiwa mlango mwaka uliotangulia, na Truffaut akapewa tuzo ya mwelekezaji bora. Aliitolea kwa kumbukumbu ya Bazin. Lakini wazazi wake waliumia sana, kwani majirani waliwatambua kwenye pazia. Hilo nalo ni gharama ya kusema kweli, na sidhani waliisahau.

Baada ya hapo alitengeneza filamu nyingi ambazo siwezi kuzimaliza hapa. Mwaka 1962 alisafiri hadi Marekani, akakaa na Hitchcock wiki nzima akimhoji filamu moja baada ya nyingine. Truffaut hakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo kila swali na kila jibu lilipita kwa mkalimani, Helen Scott. Kitabu chao kilitoka mwaka 1966, na wahakiki wengi wa Marekani waliokuwa wakimwona Hitchcock kama mtu wa kuburudisha tu wakaanza kumtazama upya. Jambo jingine lililonifurahisha ni habari za John Ford. Katika ujana wake Truffaut hakumthamini hata kidogo. Miaka ilipopita alizirudia filamu zake, akaona alikosea, akaandika waziwazi kwamba alikosea. Ni wahakiki wangapi hufanya hivyo?

Naye alionja dawa yake. Mwaka 1973 alitoa La Nuit américaine, filamu juu ya watu wanaotengeneza filamu, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka uliofuata. Rafiki yake wa tangu enzi za jarida, Jean-Luc Godard, alimwandikia barua akimwita mwongo. Truffaut akajibu kwa barua ndefu yenye sumu, na urafiki ukaisha hapo, hawakupatana tena. Wengine walisema filamu zake sasa zina adabu nyingi kama zile alizozitukana mwaka 1954. Akazidi kufanya kazi. Le Dernier Métro, filamu yake ya 1980 juu ya ukumbi wa michezo ya kuigiza wakati wa utawala wa Wajerumani, ilizoa tuzo kumi za César. Mwaka 1983 aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo, na tarehe 21 Oktoba 1984 akafariki akiwa na miaka 52. Amezikwa katika makaburi ya Montmartre, Paris.

Nilipomrudishia mwalimu kitabu, aliniuliza nimeamua nini. Nikamwambia sitaifuta tahakiki yangu, kwa sababu onyesho la tatu lilikuwa refu na bado ninaamini hivyo. Ila neno la jedwali la kuzidisha nililiondoa, nikaenda kumweleza mwenyewe, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Hakunijibu mpaka asubuhi. Muhula huu nimeandika mchezo mfupi wa maonyesho mawili, na mimi ndiye mwelekezaji wake. Tutauonyesha bwaloni Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani. Nilimwomba yeye awe mhusika mkuu, akakataa. Amemwomba mlezi wa chama nafasi ya kuandika tahakiki, amekubaliwa, na tangu juzi nasikia akinoa penseli kule juu.