Ronald Ngala: Mwalimu wa Pwani aliyetaka utawala uanzie mashinani

KABLA ya jina lake kupewa barabara katikati ya jiji la Nairobi, na kabla ya kuongoza chama kilichotoana jasho na KANU, marehemu Ronald Gideon Ngala alikuwa mwalimu wa shule. Wengi humkumbuka kwa siasa za majimbo pekee. Ni wachache wanaokumbuka kwamba msimamo huo haukuzaliwa katika kumbi za mikutano za London, bali katika madarasa na vijiji vya Pwani.

Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 katika jamii ya Wagiriama, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi. Wazee waliomlea walikuwa bado na kumbukumbu mbichi ya maafa ya mwaka wa 1914. Mwaka huo serikali ya kikoloni, iliyotaka vijana wa Kigiriama wawe vibarua wa mashamba na wapagazi wa vita, ililipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya jamii hiyo, na kuwafukuza watu kutoka mashamba yao ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahamasisha Wagiriama wakatae kutumikishwa, tayari alikuwa amekamatwa mwaka wa 1913 na kupelekwa uhamishoni nchi ya Wagusii.

Kijana huyo alisomea Pwani kabla ya kujiunga na Shule ya Upili ya Alliance huko Kikuyu, kisha Chuo cha Makerere nchini Uganda, ambako alifuzu kuwa mwalimu. Alirejea nyumbani na kufundisha. Hatimaye alikuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Buxton mjini Mombasa.

Ni katika miaka hiyo ya ualimu ambapo alifanya kazi ambayo huenda ndiyo inayomfafanua vyema zaidi. Mwaka wa 1949 kilichapishwa kitabu chake cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Wakati huo, historia iliyofundishwa katika shule za Waafrika ilikuwa zaidi ile ya wafalme wa Uingereza na wavumbuzi wa Kizungu. Mwalimu huyo kijana, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka thelathini, aliona kuwa nchi ya wazazi wake na mila zao zilistahili kuandikwa na mwenyeji, tena kwa lugha ambayo wenyeji wangeweza kuisoma.

Kutoka darasani hadi katika utumishi wa umma palikuwa na hatua fupi tu. Katika miaka ya 1950 Ngala aliingia katika mabaraza ya mji wa Mombasa, ambako hoja zilikuwa za makazi, maji, ada za shule na mishahara ya wafanyakazi. Machi 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuwa miongoni mwa wanane walioshinda. Wenzake walikuwa Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Bernard Mate, James Muimi na Lawrence Oguda.

Upole wake ulimpa nafasi ambayo wenye sauti kali waliikosa. Wajumbe wa Kiafrika walipokwenda katika kongamano la kwanza la Lancaster House mapema mwaka wa 1960, ni Ngala aliyechaguliwa kuwaongoza, huku Mboya akiwa katibu. Kongamano hilo lilifungua njia ya Waafrika kuwa wengi katika Baraza.

Umoja huo haukudumu. KANU ilipoundwa mwaka huo, Ngala alichaguliwa kuwa mweka hazina, lakini aliikataa nafasi hiyo. Mnamo Juni 1960 yeye pamoja na Muliro, Moi na Taaitta Toweett, miongoni mwa wengine, waliunda KADU, naye akawa kiongozi wake. Hofu yao ilikuwa moja: kwamba jamii ndogo zingetoka chini ya nira ya mkoloni na kuingia chini ya jamii zilizokuwa na idadi kubwa ya watu.

Kwa Wapwani hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908 ilikuwa imewawezesha watu binafsi kusajili ardhi katika ukanda wa pwani, huku umiliki wa pamoja wa Wamijikenda ukiachwa nje. Maelfu ya watu waligeuka maskwota katika ardhi walimozikwa babu zao. Swali la Ngala lilikuwa rahisi: Je, afisa aliyeketi Nairobi angelitatua tatizo ambalo hajapata kuliona?

Katika uchaguzi wa mwaka wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ilikataa kuunda serikali hadi Mzee Kenyatta aachiliwe huru. KADU ikakubali, na Ngala akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Uamuzi huo ulimchafulia jina. Wapinzani wake walimwona kama aliyekubali kutumiwa na wakoloni, hasa kwa kuwa baadhi ya walowezi nao waliunga mkono majimbo wakitarajia kulinda mashamba yao. Lawama hiyo haikukosa msingi, lakini haikuwa ukweli wote. Mkulima wa Kaloleni hakutaka mamlaka ya mashinani kwa sababu alizokuwa nazo mlowezi wa Bonde la Ufa.

Isitoshe, Ngala hakuwa mtetezi wa kugawanya nchi. Wafuasi wa vuguvugu la Mwambao walipotaka ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ujitenge na Kenya, yeye aliwapinga. Alitaka Pwani yenye mamlaka yake ndani ya Kenya moja. Mkataba wa Oktoba 1963 uliuweka ukanda huo rasmi ndani ya Kenya.

Katiba iliyoanza kutumika mwaka wa 1963 iligawa nchi katika majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, yenye mabaraza yake, na kuunda Seneti. Hata hivyo, KANU ilishinda uchaguzi wa Mei mwaka huo. Serikali mpya haikuwa na hamu ya kuyapa majimbo fedha wala mamlaka. Wabunge wa KADU walianza kuhama mmoja baada ya mwingine, na Novemba 1964 Ngala alitangaza kuvunjwa kwa chama hicho. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na mamlaka yakarudi Nairobi.

Wapo waliomlaumu kwa kusalimu amri. Lakini alichagua kubaki mahali ambapo angeweza kuwaombea watu wake shule, barabara na vyama vya ushirika. Mwaka wa 1966 aliteuliwa kuwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii. Mwaka uo huo, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wanane wa rais wa chama, akiwakilisha Pwani. Cheo hicho kilikuwa cha mkoa kwa jina, si kwa mamlaka. Odinga, aliyepoteza wadhifa wake katika mkutano huo, alihama na kuunda KPU, chama kilichopigwa marufuku mwaka wa 1969.

Ngala alifariki Desemba 25, 1972, siku kadhaa baada ya kujeruhiwa katika ajali ya gari karibu na Konza, katika barabara kuu ya Mombasa. Dereva wake alieleza kwamba nyuki waliingia garini. Maelezo hayo hayajawahi kuwaridhisha wengi wa wafuasi wake.

Neno majimbo nalo lilipitia misukosuko. Katika miaka ya 1990 lilitumiwa na wanasiasa kuhalalisha kufurushwa kwa raia kutoka makwao, na ghasia za Likoni za mwaka wa 1997 zilionyesha hatari yake. Ilibidi katiba ya mwaka wa 2010 ije na neno jipya, ugatuzi, pamoja na kaunti 47 zinazotengewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Seneti, iliyofutwa mwaka wa 1966, ikarudi.

Pwani sasa ina magavana sita na mabunge yake ya kaunti, lakini maskwota bado wapo, na hati za ardhi bado zinazua mizozo kortini. Kwa hivyo historia imemwondolea Ngala sehemu ya lawama, bila kumaliza kazi aliyoianza. Mwalimu huyo alitaka mamlaka yawe karibu na wananchi ili haki yao ya ardhi nayo isogee. Mamlaka yamefika. Haki hiyo ndiyo ambayo wajukuu wa waliomchagua mwaka wa 1957 wangali wanaingoja.