Mwenyeheri Irene Stefani, Nyaatha

Katika jubilei hii ya kwaya tumeona vyema kumkumbuka Sista Irene Stefani, ambaye wazee wetu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma.

Alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891. Alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, akafika Kenya mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeanza, hivyo akatumwa kuwauguza wapagazi katika hospitali za kijeshi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Mwaka 1920 alikuja Gikondi, huku kwetu Nyeri. Alifundisha shuleni, na baada ya masomo alipanda na kushuka vilima kutembelea wagonjwa. (Sisi mvua ikinyesha siku ya mazoezi, tunatuma udhuru!) Linalotugusa zaidi ni barua. Vijana walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na kwingineko, na mama zao hawakujua kuandika. Sista aliwaandikia kwa Kikuyu yale waliyotaka kuwaambia watoto wao, na majibu yalipofika aliwasomea. Hivyo mgeni kutoka Italia akawa mtu wa nyumbani, na wengi waliomkaribisha kwa sababu ya barua walimsikiliza alipoongea habari za Yesu.

Oktoba 1930 alimuuguza mwalimu aliyepatwa na tauni, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31, akiwa na miaka 39. Alitangazwa Mwenyeheri hapa hapa Nyeri, tarehe 23 Mei 2015.