Tunguu la Daktari Kirk

Kandokando ya barabara moja mtaani Lavington nilimkuta muuza miche akiwa na mkebe wenye tunguu lililochanua maua meupe, kila petali ikiwa na mstari mwekundu katikati. Yeye hukiita kitunguu cha mwituni. Mimi nilimkumbuka Daktari John Kirk, kwani mmea mmoja wa ukoo huo wa krinamu una jina lake.

Wanafunzi wa historia humjua Kirk kama balozi wa Uingereza kule Unguja, aliyemshurutisha Sultani Barghash kuukubali mkataba wa 1873 na kulifunga soko la watumwa, tishio la manowari likiwa nyuma yake. Aghalabu tunasahau kwamba kabla ya siasa alikuwa mganga na mtaalamu wa mimea. Alizaliwa Uskochi mwaka wa 1832, akasomea udaktari Edinburgh, na mwaka wa 1858 akaandamana na Livingstone katika msafara wa Zambezi. Huko, mwaka wa 1860, mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa. Aliponea chupuchupu, madaftari na michoro yake ya mimea ikachukuliwa na maji. Akaanza upya.

Alifika Unguja mwaka wa 1866. Sasa, tunguu lina taabu yake: maua yake yakikaushwa baina ya karatasi, kama ilivyo desturi ya wataalamu, hunyauka na kupoteza rangi na umbo. Lakini kwa kuwa limehifadhi chakula chake ndani, huvumilia safari ndefu ya meli likiwa hai. Ndivyo matunguu ya Kirk yalivyofika bustani ya Kew, London. Mwaka wa 1880 John Gilbert Baker alichapisha maelezo ya majani, shina na maua yake, akauita mmea huo Crinum kirkii.

Je, Kirk aliligundua ua hilo? Hapa natofautiana na wanaosema hivyo. Wachungaji na wakulima walilikanyaga na kulipalilia tangu enzi za mababu. Walichofanya Kirk na Baker ni jambo jingine, nalo si dogo: kuandika maelezo yanayomwezesha mwalimu wa Kitui na mtaalamu wa Berlin kuwa na hakika kwamba wanazungumzia mmea mmoja. Kinachonikera ni kwamba jina lenyewe lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu.

Kirk aliondoka Unguja mwaka wa 1886. Baadaye akawa mjumbe wa kamati ya London iliyosimamia ujenzi wa reli ya Uganda, reli ile ile iliyofika Nairobi mwaka wa 1899 na kuuzaa mji huu. Alifariki Uingereza mwaka wa 1922.

Tunguu lile nililinunua. Muuza miche aliniambia kuwa alilichimbua mahali palipokuwa pakiandaliwa msingi wa ghorofa.