Gene Sarazen: Mwana wa Seremala Aliyeushinda Mchanga

Katika mchezo wa gofu, mahali panapowaaibisha wengi ni shimo la mchanga. Mpira hudidimia humo, na mchezaji akipiga kwa nguvu, chuma huzama mchangani na mpira ukabaki palepale. Leo nataka tumtazame mtu aliyewapunguzia wachezaji udhia huo, marehemu Gene Sarazen. Namleta kwa sababu naona wengi wanunuapo fimbo hutazama bei na mng'aro, wakalisahau jambo alilolihangaikia yeye, nalo ni tumbo la fimbo.

Alizaliwa tarehe 27 Februari, 1902, mjini Harrison, jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kitaliani, na jina lake la kuzaliwa ni Eugenio Saraceni. Wasomaji wa historia watakumbuka kwamba Wazungu wa kale waliwaita Waislamu kwa jina kama hilo. Yeye alilibadili kwa sababu nyingine kabisa: aliliona lafaa mpiga fidla kuliko mwanamichezo.

Baba yake alikuwa seremala asiye na mali. Mtoto alianza kuwabebea wachezaji fimbo akiwa na umri wa miaka 8, akaacha shule mapema, na ujanani akashikwa na maradhi ya mapafu nusura yamuue. Alipopona alishauriwa atafute kazi ya nje, penye hewa safi. Hivyo gofu ikawa riziki yake.

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi Mungu hupenda. Mwaka 1922, akiwa na miaka 20 tu, kijana huyu mfupi wa kimo alishinda mashindano makuu ya wazi ya Marekani. Lakini miaka kumi ikapita bila ya kulipata tena taji hilo. Mwaka 1928 alikwenda Uingereza, akalikosa taji la huko kwa mapigo 2. Na katika mambo yaliyomsumbua sana, mchanga ulikuwa mmoja.

Fimbo ya siku hizo ilikuwa na ukingo mwembamba mfano wa jembe, na jembe kazi yake ni kuchimba. Wengine walitengeneza fimbo yenye uso uliobonyea kama kijiko, lakini ilipigwa marufuku mwaka 1931. Basi mtu afanyeje?

Jibu Sarazen alilipata katika ndege. Alikuwa akijifunza urubani, akaona kwamba mkia unaposhuka ndipo pua ya ndege inapopanda. Akarudi kwenye karakana yake huko Florida, akachukua fimbo, akailehemu mgongo wake kwa chuma cha kuyeyusha, kisha akapiga tupa, akaijaribu mchangani, akaongeza, akapunguza, mpaka ikamridhi.

Siri yake ni hii. Ukiisimamisha fimbo ya namna hiyo, tumbo ndilo liguasalo chini, na ukingo wa mbele hubaki juu kidogo. Pembe ya mwinuko huo ndiyo iitwayo baunsi. Tumbo hufika mchangani kwanza, likateleza chini ya mpira kama ngalawa ivutwayo ufukoni, na mchanga wenyewe ukaurusha mpira nje.

Mwaka 1932 aliichukua fimbo hiyo hadi Uingereza, kwenye kiwanja cha Prince's, Sandwich. Wakati wa mazoezi aliificha, maana alichelea wakubwa wa mchezo wakiiona kabla ya mashindano wataikataza, na kazi yake yote ipotee. Haikukatazwa. Alishinda kwa mapigo 283, kisha akarudi kwao akalitwaa tena taji la Marekani mwaka huohuo. Mwaka 1935 alishinda Masters pale Augusta, akawa mtu wa kwanza kuyapata mataji yote manne makuu. Hadi kufikia mwaka 2025, waliofanya hivyo ni watu 6 tu.

Sasa, ndugu msomaji, ukienda kununua weji, usiridhike na nambari ya ulalo wa uso peke yake, kama vile 56. Uliza na baunsi. Ikiwa mchanga wa kiwanja chako ni laini na mwingi, au mkono wako hushuka wima na kuchimba, chukua nyuzi 10 hadi 14. Ikiwa ardhi ni ngumu, au wewe hupiga kwa kufagia, nyuzi 4 hadi 8 zitakufaa, kwani tumbo kubwa juu ya ardhi ngumu hudunda na ukingo ukaupiga mpira kichwani. Fimbo ya jirani yako, hata akiwa bingwa, huenda isikufae.

Mwaka 1973, akiwa na miaka 71, Sarazen alicheza Troon, Scotland. Katika shimo la 8 aliuingiza mpira kwa pigo moja. Kesho yake, shimo lilelile, mpira ukamwangukia mchangani. Aliutoa kwa pigo moja, ukaingia kikombeni.

Alifariki tarehe 13 Mei, 1999, huko Naples, Florida, akiwa na miaka 97. Mataji yake yamo vitabuni, lakini kazi ya lehemu na tupa yake ingali mikononi mwa kila aingiaye mchangani na akatoka salama.