Amedeo Avogadro: Mwanasheria Aliyetufundisha Kuhesabu kwa Mizani



Nimeombwa niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye ni marehemu. Bila ya shaka wengi mnatazamia jina la mwanasiasa. La hasha! Nimemchagua Mwitalia mmoja aliyenitoa jasho nilipokuwa kidato cha tatu. Katika jaribio la kemia niliulizwa uzito wa kipande cha dhahabu baada ya kupewa idadi ya atomu zake. Nilizidisha pale nilipopaswa kugawanya, na jibu langu likaonyesha kwamba kipande hicho kilikuwa kizito kuliko dunia nzima. Darasa lilicheka, nami nikainama.

Amedeo Avogadro alizaliwa Turin tarehe 9 Agosti, 1776, katika ukoo wa wanasheria. Naye akafuata njia hiyo hiyo, akapata udaktari wa sheria za kanisa mwaka 1796, akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1801 alikuwa katibu katika ofisi ya serikali ya jimbo. Kwa hiyo sisi watumishi wa serikali twaweza kumwita mwenzetu. Lakini saa za faragha alijisomea fizikia na hisabati, na mwaka 1809 akawa mwalimu huko Vercelli.

Mwaka 1811 alitoa wazo lake kubwa. Alisema kwamba gesi zozote mbili zenye ujazo sawa, zikiwa katika joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Maana yake ni kwamba ukipima uzito wa gesi hizo mbili, umekwisha kujua molekuli ya moja ni nzito mara ngapi kuliko ya nyingine, ingawa hujaiona hata moja. Alieleza pia kwamba chembe za oksijeni hugawanyika nusu kwa nusu maji yanapoundwa. Wakubwa wa kemia wa wakati ule, Dalton na Berzelius, hawakukubali kwamba atomu mbili za aina moja zaweza kushikamana.

Avogadro hakugombana na mtu. Mwaka 1820 alipata uprofesa Turin, akaupoteza miaka michache baadaye kufuatia machafuko ya kisiasa, akarudishiwa mwaka 1834, akafundisha hadi 1850. Alifariki tarehe 9 Julai, 1856, wazo lake likiwa halijathaminiwa. Miaka minne baadaye, katika mkutano wa wanakemia mjini Karlsruhe, Mwitalia mwenzake Cannizzaro alilifufua, na dunia ikaanza kusadiki.

Yafaa mjue kwamba ile namba yenye jina lake hakuikokotoa yeye. Loschmidt wa Austria aliikadiria ukubwa wa molekuli mwaka 1865, na Perrin wa Ufaransa akaipa namba hiyo jina la Avogadro mwaka 1909. Tangu mwaka 2019 moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili.

Sasa tuje kwetu Bugarama. Dhahabu ikitoka duarani, ikapita kwenye karasha na mwaloni, hufika kwa mnunuzi. Mnunuzi hahesabu punje, bali huweka mzigo kwenye mizani. Moli ni kazi hiyo hiyo. Gramu 12 za kaboni, gramu 27 za alumini na gramu 197 za dhahabu zina idadi moja ya atomu. Ukiwa na gramu 19.7 za dhahabu, gawanya kwa 197, upate moli 0.1. Zidisha kwa namba ya Avogadro, upate atomu 6.02 × 10²². Ukitaka kurudi kwenye uzito, geuza njia: gawanya kwa namba ya Avogadro kwanza, kisha zidisha kwa 197. Hapo ndipo nilipopotea mimi. Pitieni kwenye moli daima, kama mtu avukaye mto kwa daraja.

Wadogo zangu, msidhani haya ni ya mtihani tu. Mwaka 2017 makontena ya makinikia, yakiwamo ya jirani zetu wa Bulyanhulu, yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, na taifa zima likabishana ni dhahabu kiasi gani iliyokuwamo. Hakuna awezaye kuhesabu dhahabu iliyofichwa mchangani. Huchukuliwa sampuli ndogo, ikapimwa, kisha hesabu ikafanywa kutoka kidogo kwenda kingi. Asiyejua hesabu hiyo atapokea jibu la mwenzake, liwe la kweli au la uongo.

Haba na haba hujaza kibaba. Avogadro alitufundisha kujua ni haba ngapi zilizomo kibabani. Someni, wadogo zangu, ili siku moja mizani iwe mikononi mwenu.