Django Reinhardt, aliyeanza gitaa mara mbili

Kwa vijana wa kwaya zetu wanaolia kwamba nyuzi zinaumiza vidole, leo tunaleta habari ya Django Reinhardt. Alizaliwa mwaka 1910 huko Liberchies, Ubelgiji, katika jamaa ya Wamanouche, watu wa kuhamahama. Noti hakuzijua. Akiwa na miaka 12 hivi alipewa banjo ya kupigwa kama gitaa, akajifunza kwa kutazama mikono ya wakubwa na kuiga.

Mwaka 1928 moto ukawaka katika gari alimolala. Mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi, ukaungua. Vidole viwili vya mwisho vikapinda. Ndugu yake Joseph akamletea gitaa. Akaanza upya kama mtoto, akitafuta kwa vidole viwili njia ya kila sauti. Vile vilivyopinda vilisaidia kidogo tu. Kazi ya miezi mingi! Sisi tunaona ni hapo alipojifunza kweli.

Mwaka 1934, Paris, yeye na Stéphane Grappelli wa violini wakaanzisha Quintette du Hot Club de France, kundi la nyuzi tupu, bila ngoma. Alikufa Mei 1953. Wako wapiga gitaa wanaoiga vidole vyake viwili, nao wana vinne vizima.